Barua ya wazi kwa maamidi wa shule za uzamili Marekani: tunaomba ufunguo wa chumba 214

Kwa maamidi wa shule za uzamili na uzamivu katika vyuo vikuu vya Marekani, na hasa kwa yule mmoja kati yenu ambaye sitamtaja, ila akisoma atajijua.

Waheshimiwa,

Ningeanza na shikamoo, maana wengi wenu mmenizidi umri, ila miaka mitano ya kuishi hapa kwenu imenifundisha kwamba mtu mwenye salamu ndefu huonekana kaja kukopa. Basi niende kwenye shida. Mwezi Machi 2025 kitasa cha chumba namba 214, tunamokutana wanafunzi wa kike Weusi wa shahada za juu, kilibadilishwa. Hatukuambiwa. Tulifika Alhamisi saa kumi na moja jioni kama kawaida yetu, funguo hazikuingia, tukabaki tumesimama kwenye korido na sufuria la pilau linapoa. Wanawake watano wenye shahada tele, tunapokezana ufunguo mmoja kama watoto waliofungiwa nje.

Malalamiko haya kwa Kiingereza mnayo. Niliyatuma mara tatu. Jibu lilikuja mara moja, sentensi mbili: ya kwanza kunishukuru kwa kutoa maoni, ya pili kunipa namba ya simu ya ushauri nasaha. Ndiyo maana safari hii naandika kwa lugha yangu, hadharani. Wapo mabinti Morogoro, Mombasa na Bujumbura ambao usiku huu wanajaza fomu zenu za maombi, na wana haki ya kujua wanakokwenda. Mkihitaji mtafsiri hamna haja ya kwenda mbali. Kiswahili kinafundishwa ghorofa ya tatu ya jengo lilelile lenye chumba 214.

Nianze na chumba chenyewe, kwa sababu nadhani hamjawahi kukiingia. Kina meza moja ndefu, viti tisa visivyofanana, ubao mweupe uliovunjika mguu mmoja ukategemezwa kwa kamusi, na bomba la joto linalogonga kila baada ya dakika chache kama mtu anayetaka kuingia. Tulikipata mwaka 2021. Baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, vyuo vingi vilitoa matamko. Chetu kilitoa tamko na chumba. Tamko silikumbuki hata neno.

Mimi nilifika Agosti mwaka huo wa 2021, mtu wa Tanga, shahada ya kwanza na ya pili nimechukua Sokoine, nimekuja kusomea udongo. Nikawa Mweusi kabla sijapata kadi ya benki. Nyumbani nilikuwa Msambaa, nilikuwa binti wa mwalimu, nilikuwa mtu wa kupenda samli. Hapa nilikuwa yule Mweusi wa maabara ya udongo, na baada ya wiki mbili nikaanza kuitwa jina la yule Mweusi mwingine wa idara ya jirani, ambaye ni mrefu kunizidi kwa shubiri nzima na anavaa miwani.

Ndiye aliyenipeleka 214. Yeye ni wa Detroit, anasomea historia. Tulikuwa sita: yeye, dada wa Mississippi aliyekuwa kemia, mwingine wa Miami ambaye wazazi wake ni Wahaiti, yuko afya ya jamii, Mkenya wa Kisumu wa takwimu, Mnigeria wa Ibadan wa uhandisi, na mimi.

Nisidanganye kwamba tulipendana siku ya kwanza. Sisi wa kutoka Afrika tulikuja tumeshapakiwa maneno vichwani kuhusu Wamarekani Weusi, mengine tumeyatoa kwenye filamu, mengine kwa wajomba waliokwisha kuishi huku. Nao walikuwa wameshapakiwa maneno kuhusu sisi. Wiki ya tatu dada wa Detroit aliniuliza, taratibu kabisa huku anamenya chungwa, kama nimejiuliza kwa nini ofisi ya habari ya chuo inapenda kunipiga picha mimi kuliko yeye. Sikuwa nimejiuliza. Nikajiuliza usiku ule mpaka alfajiri. Kwenye hesabu zenu mimi na yeye tunaingia safu moja, na mkimpata Mwafrika mmoja mnaona deni la Mississippi limelipwa. Jambo hilo hakuna mhadhara ulionifundisha, na bila chumba kile ningemaliza shahada yangu sijalijua.

Jina la kikundi walishalichagua kabla sijaingia: Ujima. Walilitoa kwenye Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanza mwaka 1966, yenye misingi saba na yote ina majina ya Kiswahili. Mimi nilicheka mpaka nikaomba radhi. Kwetu, mtoto wa sekondari akisikia ujima anawaza mtihani wa historia, binadamu wa kale wanagawana nyama kabla ukabaila na ubepari haujaingia. Nilipowaeleza, yule wa Mississippi akasema basi limekaa vizuri zaidi, kwa sababu kwenye idara yake bado ni zama za mawe.

Sasa mtauliza sita hawa walikuwa wakifanya nini chumbani. Ripoti zenu zinasema tulikuwa "jamii ya kutiana moyo". Kutiana moyo kulikuwapo, lakini sehemu kubwa ilikuwa kazi. Pwani kwetu mwari hapelekwi unyagoni peke yake. Anakuwa na somo wake, mwanamke wa kumwambia yale yasiyosemwa mbele za watu. Nyinyi mmetupa masomo mengi sana. Somo hamkutupa. Nani angeniambia kwamba profesa akiandika "ni wazo la kuvutia" maana yake ni hapana? Nani angenionyesha ombi la ruzuku lililokubaliwa, nione kwa macho yangu linafananaje, badala ya kurasa arobaini za maelekezo? Wenzangu wa maabara walikuwa wakionyeshana mambo hayo kwenye bia za Ijumaa na kwenye safari za kuteleza kwenye theluji. Mimi sikualikwa, na kusema kweli hata ningealikwa nisingekwenda kuteleza.

Kulikuwa na kopo la kahawa juu ya kabati. Kila mmoja wetu akiitwa kwa jina la mwenzake idarani, anatumbukiza robo dola. Mwisho wa mwaka wa kwanza tulihesabu sarafu 47, dola 11 na senti 75. Tukanunua keki ya karoti. Juu yake tuliandika majina yote sita, kila moja herufi zake sahihi.

Na kulikuwa na nywele. Mji wenu mdogo hauna msusi anayejua kichwa changu. Wa karibu yuko mwendo wa saa mbili kwa gari, na gari sina. Kwa hiyo tulisukana wenyewe. Rasta za kichwa kizima zinachukua saa tano, sita, na ndani ya saa hizo anayesukwa hana pa kukimbilia. Tukaweka kanuni: anayesukwa ndiye anayesoma sura yake kwa sauti. Nimesoma sura yangu ya tatu, ile ya kaboni kwenye udongo wa mashamba ya chai ya Usambara, kichwa kimeinama kifuani, Mnigeria ananivuta nywele na kuniambia aya hii haina kitenzi. Dada wa takwimu alikuwa upande wa pili wa meza na kalamu nyekundu. Siku hiyo ndipo lilipogunduliwa kosa kwenye jedwali langu la nne, ambalo msimamizi wangu alikuwa ameshalipitisha mara mbili.

Nasisitiza jedwali hilo kwa makusudi. Mnapenda kuweka vikundi vyetu kwenye fungu la "ustawi", pamoja na mishumaa ya manukato na mbwa wanaoletwa maktaba wakati wa mitihani. Mbwa nawapenda. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwalimu wa hesabu aitwaye Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wengi, waliokuja na sifa nzuri kutoka sekondari, walikuwa wakianguka kalkulasi. Wenzake walimpa majibu yaleyale ya siku zote: hawana ari, hawakuandaliwa, familia zao hazijali. Akawafuata wanafunzi 20 Weusi na 20 wa asili ya Kichina, mpaka walikokuwa wakiishi, awaone wanavyosoma. Hakuona wavivu. Weusi walikuwa wakisoma kwa bidii, saa zote zilizoshauriwa, kila mtu peke yake. Wale wa asili ya Kichina walisoma peke yao kisha usiku wanakutana, wanakosoana, wanaulizana mtihani wa zamani ulikuwaje. Treisman akaanzisha vikundi vya kufanya hesabu pamoja, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, siyo mepesi, na matokeo yakabadilika. Hiyo ni karibu nusu karne sasa. Amidi mwenye maktaba hana udhuru wa kutokujua.

Na Shirley Ann Jackson, ambaye mwaka 1973 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata uzamivu pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, amesimulia mwenyewe jinsi mwaka wake wa kwanza chuoni hapo alivyowakuta wasichana wenzake wanafanya maswali ya fizikia pamoja, akaomba kujiunga, akaambiwa aondoke. Akarudi chumbani kwake akayafanya peke yake. Watu hupenda hadithi hiyo kwa sababu ya mwisho wake mzuri. Mimi huwa nawaza wale waliorudi vyumbani mwao na majina yao hatuyajui.

Tena msidhani mambo haya yalianza na tamko lenu la 2020. Wanafunzi wa kike wa Howard, chuo kikuu cha Weusi kule Washington, waliunda vyama vyao vya udada, Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 na Delta Sigma Theta mwaka 1913, bila kusubiri ofisi yoyote iwaundie. Sadie Tanner Mossell alikuwa rais wa kwanza wa kitaifa wa Delta kuanzia 1919, huku akisoma uchumi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1921 akapata uzamivu. Mwaka huohuo Eva Dykes alipata wake Chuo cha Radcliffe, na Georgiana Simpson wa Kijerumani pale Chicago. Hao watatu ndio wanawake Weusi wa kwanza kupata shahada hiyo Marekani.

Simpson nakaa naye kidogo. Mwaka 1907 alihamia bweni la wanawake la Chuo Kikuu cha Chicago. Baadhi ya wanafunzi weupe wakalalamika. Mwanamke aliyekuwa akisimamia bweni, Sophonisba Breckinridge, akasema abaki. Rais wa chuo, Harry Pratt Judson, akaamuru atoke. Akatoka, akapanga nje, akasoma zaidi miezi ya kiangazi watu wanapokuwa wachache. Alipovaa joho la uzamivu alikuwa na miaka 55. Mwaka 2017 chuo hicho kikamwekea sanamu ndani ya Reynolds Club, jengo la wanafunzi, nayo ilitokana na juhudi za wanafunzi. Miaka 110 baada ya kunyimwa kitanda akapewa kichwa cha shaba. Nisingependa dada zangu wa 214 wasubiri mpaka 2135.

Sasa nifike mahali pagumu, ambapo sisi wenyewe tulishindwa.

Dada wa Mississippi hakumaliza. Alikuwa mwaka wa nne, mkemia mzuri, mikono mitulivu kuliko yeyote niliyemwona maabara. Msimamizi wake hakumtukana hata siku moja. Alimsahau tu. Barua pepe wiki tano hazijibiwi, rasimu inakaa mezani miezi mitatu, jina lake linarukwa kwenye makala aliyoifanyia majaribio. Sisi tulifanya kila tulichokuwa nacho. Tulimpikia. Tulimsuka. Tulimsomea rasimu mpaka mimi mtu wa udongo nikaanza kuota vimeng'enya. Dada wa Detroit alimsindikiza vikaoni akakaa kimya pembeni na daftari, na ajabu ni kwamba siku zile daftari lilipokuwapo msimamizi alikuwa na adabu na kumbukumbu nzuri. Lakini kitu alichohitaji kilikuwa msimamizi mwingine, na sisi msimamizi hatuna wa kumpa. Kubadilisha kulimaanisha kupoteza posho, kwa sababu posho ilitoka kwenye ruzuku ya yuleyule. Alikuwa ameshakopa kwa shahada ya kwanza na ya pili. Januari 2024 alipakia vitu vyake kwenye gari la kaka yake. Chungu chake cha chuma bado kiko jikoni kwangu.

Wiki tatu baadaye ofisi yenu iliniandikia ikiomba picha yetu ya pamoja kwa ajili ya jalada la kijitabu cha udahili. Mnayo ya zamani, mkaitumia hiyo. Na yeye yumo, wa pili kutoka kushoto, anacheka.

Hapa ndipo ninapogombana nanyi, na naomba nieleweke. Sidai mtupe kikundi. Kikundi tulikiunda wenyewe na tunaweza kukiunda tena. Ninachosema ni kwamba mlikitwisha mizigo yenu. Kila aliyekuja ofisini kwenu na shida ya msimamizi, ya posho, ya kudharauliwa kwenye semina, alielekezwa 214, "wapo dada wazuri pale". Tukawa wasimamizi wa akiba bila mshahara na bila mamlaka. Fanyeni hesabu nami. Saa tatu kwa wiki, wiki 30 za masomo, ni saa 90 kwa mtu mmoja. Kwa sita ni saa 540. Msaidizi wenu wa utafiti analipwa kwa saa 20 kwa wiki, kwa hiyo tuliwapa wiki 27 za msaidizi mmoja kila mwaka, karibu mwaka mzima wa masomo, bure. Simu za saa nane za usiku sijazihesabu. Wala sijahesabu kwamba saa hizo zilitoka kwa watu wale ambao tasnifu zao ndizo zilizokuwa nyuma. Mama yangu Tanga anacheza mchezo na wanawake kumi na wawili wa mtaani, na hata pale, kwa akina mama wauza maandazi, kijumbe hupewa chochote kwa usumbufu wake.

Sisi wenye viza tulikuwa na hesabu nyingine juu ya hiyo. F-1, viza ya wanafunzi, inanitaka niwe mwanafunzi wa muda wote, na muhula unapoendelea nisifanye kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki. Dada wa Miami alipochoka alichukua likizo ya muhula, akalala kwa mama yake, akarudi mzima. Mimi likizo kama hiyo, bila cheti cha daktari, ni kufunga mabegi na kuondoka nchini. Kwa upande mwingine, mimi deni la shule sina, na wao wanalo la kuzeekea. Tena mwezi ujao, tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa serikali wa Grad PLUS, ule wa wanafunzi wa shahada za juu, unafungwa kwa wakopaji wapya. Anayekuja Agosti bila ufadhili kamili atakuja na kamba fupi zaidi shingoni, na mtamwelekeza wapi? Dada wazuri hawana tena chumba.

Nasikia mnavyonong'ona: sheria. Nimeisoma. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 29 Juni 2023, iliyovizuia vyuo kutazama rangi vinapochagua wanafunzi, ilihusu udahili. Haikutaja meza wala viti tisa. Hata Texas, ambako sheria yao iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024 ilifunga ofisi nzima za usawa na ujumuishi na watu wakapoteza kazi, sheria hiyohiyo imeviacha nje vikundi vya wanafunzi vilivyosajiliwa, ufundishaji na utafiti. Barua ya Wizara ya Elimu ya tarehe 14 Februari 2025 ya kuvionya vyuo kuhusu programu zinazotazama rangi, ile iliyowatia baridi mkabadilisha kitasa ndani ya mwezi mmoja, ilibatilishwa na jaji wa shirikisho huko Maryland mwezi Agosti mwaka huohuo. Kitasa kilibadilishwa haraka kwa sababu ya barua. Barua ilipobatilishwa, fundi vitasa hakuonekana.

Na hata mngeogopa kwa haki, mngeuliza. Mlango wetu haukuwahi kuwa na bawabu. Kuna kijana mmoja mweupe wa Nebraska, wa idara ya misitu, alikuja mara ya kwanza akifuata harufu ya pilau. Akakaa. Akaja tena na jedwali lake, likakosolewa kama ya wengine wote. Hakuna aliyemuuliza rangi, aliulizwa kama ameosha mikono. Ninachoweza kusema ni kwamba mezani pale sisi tulikuwa wengi kwa mara moja, na labda hilo ndilo linalowatisha watu zaidi ya kifungu chochote cha sheria.

Ninachoomba si kikubwa. Chumba kirudishwe, kwa jina lolote linalowapendeza wanasheria wenu. Kiiteni chumba cha kuandikia tasnifu, sisi tutajua. Mmoja wa wanaokiendesha alipwe saa zake kama msaidizi anavyolipwa, na kazi hiyo iandikwe kwenye tathmini yake ya mwaka badala ya kuulizwa kwa nini amechelewa. Mapicha basi.

Lakini kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu, acheni hayo yote mfanye hili: wekeni fedha pembeni za kumshika mwanafunzi anapohama kutoka kwa msimamizi mmoja kwenda kwa mwingine. MIT wana utaratibu huo tangu 2021, wanamlipia muhula mmoja ili atafute pengine pa kusimama. Muhula mmoja. Dada wa Mississippi alihitaji muhula mmoja, na alikuwa tayari amempata profesa wa pili aliyekubali kumpokea Agosti. Ningempa ufunguo wa 214 na jiko na kopo la robo dola vyote, kama vingenunua miezi ile. Amidi aliyesoma mpaka hapa asije akanijibu kwa kunirudishia chumba halafu akaona ameshamaliza.

Mimi nimetetea tasnifu yangu Aprili. Wenzangu wanne walikuwa mstari wa nyuma, na nilipoulizwa swali la jedwali la nne dada wa takwimu alikohoa, nikajua nitasalimika. Tangu mlipobadilisha kitasa tumekuwa tukikutana jikoni kwangu kila Jumapili, na wameongezeka; sasa wako tisa, watatu wa mwaka wa kwanza. Wawili hukaa juu ya ndoo. Mkataba wangu wa nyumba unaisha tarehe 31 Julai. Sufuria nimeshawagawia, blenda kachukua Mkenya, chungu cha chuma kinatumwa Mississippi. Kilichobaki ni meza, na hakuna kati yao mwenye nyumba inayoweza kuipokea.

Ufunguo mpya wa 214 uko kwenye droo ya juu ya karani wa ghorofa ya pili, umefungwa uzi wa kijani. Niliuona wiki iliyopita nilipokwenda kurudisha kitambulisho. Chumba hakitumiki. Nilichungulia kwenye kioo cha mlango: viti vimepandishwa juu ya meza, na kamusi bado imeshikilia ubao.

Mhitimu wenu wa sayansi ya udongo,
mtu wa Tanga
Juni 2026